Goti linauma: utembee, uingie baharini, uendeshe baiskeli au uanze na kiti?

Mwenye magoti yanayouma hupewa maagizo mawili yanayogongana. Hospitalini anaambiwa afanye mazoezi. Akirudi nyumbani, watoto wanampokea mfuko na kumwambia, "Mama, kaa, hilo goti limeshalika, usilimalize." Hakuna anayemweleza ni mazoezi yapi, kwa kiasi gani, na afanye nini asubuhi ambayo goti limeamka limevimba. Basi anabaki kwenye kochi. Misuli ya mapaja inalegea, na baada ya muda ngazi zilizokuwa ngumu zinakuwa hazipandiki kabisa.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili yake na kwa wanaomuuguza. Msimamo wangu nautaja mapema: chagua zoezi kwa kuangalia kinachokukwamisha, si kwa kuangalia lipi linasifiwa zaidi. Mazoezi ya aina nyingi yamepimwa kwa watu wenye magoti mabovu, na tofauti ya nafuu kati ya aina moja na nyingine ni ndogo. Anayepata nafuu ni yule anayeendelea. Kwa hiyo kabla ya kuuliza zoezi lipi, jiulize kwa ukweli ni nini kinakuzuia: maumivu yenyewe, hofu, hela, barabara, mavazi, au macho ya watu.

Kwanza, ni goti la aina gani

Ninachozungumzia hapa ni osteoathraitisi, ule ugonjwa ambao wengi wetu tunauita kulika kwa magoti au "grisi ya goti imeisha". Ndio ugonjwa wa viungo unaowapata watu wengi zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa nao, na kiungo kinachoongoza ni goti, watu milioni 365. Asilimia 60 ya wagonjwa ni wanawake, na asilimia 73 wamepita miaka 55.

Magonjwa mengine ya viungo yana njia zake. Ukiamka na vidole vya mikono yote miwili vimevimba, vimekakamaa zaidi ya saa nzima, na mwili mzima umechoka, huenda ni baridi yabisi ya rumatoidi. Hiyo inahitaji dawa za kuzuia kinga ya mwili isishambulie viungo. Mazoezi yanaisaidia pia, lakini hayachukui nafasi ya dawa. Kidole gumba cha mguu kikiwaka moto usiku hata shuka halitaki kugusa, hapo fikiria jongo, na wakati wa moto huo usilazimishe zoezi lolote. Goti la osteoathraitisi lina tabia yake: asubuhi linakaza, lakini halifiki nusu saa kabla ya kulegea. Linauma ukipanda ngazi, ukiinuka kwenye kigoda, ukitembea mwendo mrefu, na linatoa mlio wa kukwaruza ambao unatisha kuliko unavyodhuru.

Maumivu: kizuizi cha kwanza, na kinachoeleweka vibaya zaidi

Watu wanaacha mazoezi kwa sababu yanauma, na wanaamini kwamba kuuma ni kuharibika. Imani hiyo ndiyo inayowalaza wengi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya goti, haina mishipa ya damu wala ya fahamu. Chakula chake inakipata kwenye ute wa goti. Ukikanyaga, gegedu inabanwa kama sifongo na kutoa maji. Ukiinua mguu, inafyonza ute mpya. Goti lisilotembea linakosa mzunguko huo. Na kwa kuwa gegedu yenyewe haina fahamu, maumivu yanatoka kwingine: kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye ngozi ya ndani ya kiungo iliyovimba, kwenye kano zinazovutwa na misuli isiyo na nguvu. Ndiyo maana picha ya eksirei na maumivu havilingani mara nyingi. Yuko mtu mwenye picha mbaya anayetembea sokoni na kurudi, na yuko mwenye picha ya wastani asiyeweza kufika msikitini.

Nchini Denmark, tangu 2013, kuna mpango uitwao GLA:D ambao umewafundisha wagonjwa wengi wa magoti na nyonga kufanya mazoezi huku wakiwa na maumivu. Kanuni wanayotumia ni rahisi, na haihitaji kifaa chochote. Yape maumivu alama kuanzia 0 hadi 10. Wakati wa zoezi, 0 hadi 2 ni salama kabisa. 3 hadi 5 yanakubalika. Yakipita 5, punguza. Kisha angalia siku ya pili: ndani ya saa 24 maumivu yanatakiwa yawe yamerudi pale yalipokuwa kabla hujaanza. Hayajarudi? Hukuliharibu goti, ila dozi ilikuwa kubwa. Safari ijayo punguza muda au idadi, zoezi lenyewe usiliache.

Ningependa kanuni hii ibandikwe kwenye kila chumba cha daktari wa mifupa, kwa sababu inamwondolea mgonjwa ule uamuzi mgumu wa kila siku wa "leo nifanye au nisifanye".

Dawa za maumivu zina nafasi yake. Jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini inasaidia wengi bila mzigo mkubwa tumboni. Lakini vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni kila siku kwa miezi, vinavyonunuliwa duka la dawa bila mtu kupimwa, vinaleta vidonda vya tumbo, vinachosha figo na kupandisha presha. Mwenye presha au kisukari asivitumie bila daktari kujua.

"Mimi nafanya kazi kutwa, mazoezi ya nini tena?"

Hiki ni kizuizi ambacho vitabu vya wenzetu wa mbali hawakitaji sana, na kwetu ni kikubwa. Mama anayeamka alfajiri, akafagia uwanja kwa fagio la chelewa, akakaa kwenye mbuzi kukuna nazi, akabeba ndoo, akafua ameinama, ukimwambia afanye mazoezi anakuona humheshimu. Na ana haki ya kukasirika.

Lakini mtazame pale kwenye mbuzi. Magoti yamekunjwa hadi mwisho, yamebaki hivyo robo saa, halafu anainuka kwa mpigo mmoja akiwa ameegemea mkono ukutani, mguu mzima ukifanya kazi yote na mguu mbovu ukiburutwa. Kesho hivyo hivyo. Kazi inalibebesha goti mzigo ule ule, kwa upande ule ule, bila kuuongeza kidogo kidogo na bila kupumzisha. Mguu mbovu hauendelei kupata nguvu kwa sababu mwili umeshajifunza kuukwepa. Zoezi linafanya kinyume: linaulazimisha ule mguu mvivu ufanye kazi, kwa kiasi unachokipanga wewe, kisha linaupa siku ya kupumzika.

Kwa hiyo kwa mama wa namna hii sishauri aongeze mwendo. Miguu yake imeshatembea. Anachokosa ni nguvu ya paja, na kupunguziwa mikao inayolikunja goti mno: mbuzi inyanyuliwe juu ya kiti kifupi, nguo zifuliwe kwenye beseni lililowekwa juu ya meza, fagio lipate mpini. Kwa babu anayeshinda barazani akisikiliza redio, ushauri unageuka: yeye anahitaji vyote viwili, nguvu na mwendo.

Kutembea na kiti, bega kwa bega

Mwaka 1997 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti uliowafuatilia watu 439 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, wote wakiwa na magoti mabovu, kwa miezi 18. Kundi moja lilifanya mazoezi ya mwendo, kutembea hasa. La pili lilifanya mazoezi ya nguvu. La tatu lilipewa elimu ya afya tu. Makundi mawili ya mazoezi yalipata nafuu ya maumivu na uwezo wa kutembea kuliko la tatu. Nafuu ilikuwa ya wastani, si muujiza, na hakuna aliyemwacha mwenzake mbali. Mapitio makubwa ya mwaka 2015 yaliyokusanya tafiti 54 yaliona kitu kama hicho: mara baada ya programu ya mazoezi, maumivu yalipungua kwa takriban alama 12 kwenye kipimo cha 100. Ni kiasi ambacho dawa nyingi za maumivu hazikizidi, na mazoezi hayatoboi tumbo.

Basi ukitazama nafuu peke yake, kutembea na kiti, yaani mazoezi ya nguvu ya kuinuka na kukaa, vinakwenda sare. Vinatofautiana kwenye vizuizi.

Kutembea hakuna ada wala mwalimu. Kunashusha presha, kunasaidia sukari, kunafungua moyo, na unakutana na watu. Lakini kunahitaji barabara, na mitaa mingi ya miji yetu haina njia ya waenda kwa miguu. Unatembea ukingoni mwa lami huku bodaboda zikikupitia kiwiko, au kwenye mchanga na makorongo ambayo goti lisilo imara linayachukia. Joto la Dar es Salaam au Mombasa la mwezi Februari si la kuchezea, hivyo muda unabaki saa 12 na nusu asubuhi au baada ya saa 11 jioni, nao ni muda wa kuandaa watoto na kupika. Kwa mwanamke, giza ni kizuizi halali kabisa. Na kila hatua unayotembea goti linapokea mara mbili hadi tatu ya uzito wako, ngazi na miteremko zaidi ya hapo. Ukianza na kilomita nyingi kwa furaha ya siku ya kwanza, siku ya pili utaacha.

Ukichagua kutembea, anza na dakika ambazo goti linazivumilia chini ya alama 5, hata zikiwa tano tu, asubuhi na jioni. Ongeza kidogo kila wiki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, lakini hizo ni za kufikia, si za kuanzia, na hata chini ya hapo faida ipo. Vaa raba yenye soli laini, acha ndala nyumbani. Ukitumia fimbo, ishike mkono wa upande wa goti zima. Wengi wanaishika upande mbovu, nayo haiwasaidii kama inavyoweza.

Kiti sasa. Hiki ndicho ninachokipendelea, sifichi. Zoezi lenyewe ni kuinuka na kukaa. Chukua kiti imara cha mbao, si cha plastiki kinachoteleza sakafuni, na ukiegemeze ukutani. Kama goti lina hali mbaya, weka mto au blanketi lililokunjwa juu yake ili kiwe kirefu, kwa sababu kiti kikiwa kirefu goti linakunjwa kidogo. Kaa ukingoni, nyayo zote mbili chini, visigino nyuma kidogo ya magoti. Inamisha kifua mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, kisha inuka. Hakikisha magoti hayaingii ndani kugusana. Halafu shuka polepole ukihesabu moja hadi tatu, usijiangushe. Kule kushuka ndiko kunakojenga paja. Mara nane, pumzika, mara nane tena. Siku mbili au tatu kwa wiki, si kila siku, maana misuli inajengeka ikipumzika. Ikiwa rahisi, ondoa mto. Ikiwa rahisi tena, sogeza mguu mzima mbele kidogo ili mbovu ubebe zaidi.

La pili ni la kukaa: nyoosha goti mpaka mguu uwe sawa, kaza paja, hesabu tano, shusha. Likizoeleka, funga kilo ya sukari kwenye kitambaa na uizungushie kifundo cha mguu, au tumia kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwenye mguu wa kiti. Mafundi baiskeli huwa na vipande hivyo.

Kiti hakijali mvua, giza, barabara wala mavazi. Unaweza kukifanya na dera lako, mchele ukiwa jikoni. Kinarudisha moja kwa moja kile ambacho wagonjwa wengi wanakililia: kuinuka kwenye kochi, kwenye kiti cha daladala, chooni, na kwa wengine kurudi kusali wakisimama na kusujudu badala ya kusalia kwenye kiti. Udhaifu wake ni upweke. Hakina upepo wa jioni wala maongezi, ni rahisi kukiahirisha, na hakisaidii moyo na sukari kama mwendo unavyosaidia.

Ukilazimika kuchagua kimoja, na goti linauma zaidi ya 5 ukitembea hata hadi dukani, anza na kiti wiki sita hadi nane kisha uongeze mwendo. Kama unatembea bila shida ila umekaa sana, anza na mwendo na ukiingize kiti siku mbili za wiki.

Bahari na baiskeli

Hivi viwili ni vya yule ambaye uzito wa mwili wake ndio unaomtesa. Vyote vinalichezesha goti bila kulibebesha uzito.

Maji yakikufika kiunoni, karibu nusu ya uzito wako yanaubeba yenyewe. Yakifika kifuani, miguu inabaki na takriban theluthi moja. Mtu asiyeweza kutembea hatua ishirini nchi kavu anaweza kutembea robo saa ndani ya maji, kwenda mbele, kurudi nyuma, kuinua magoti, na hapo ndipo wengi wanaamini kwa mara ya kwanza kwamba mguu wao bado unafanya kazi. Huhitaji kujua kuogelea. Pwani yetu ina bahati ambayo nchi za baridi wanailipia, kwani maji ya bahari huku yana joto la nyuzi kati ya 25 na 30 mwaka mzima. Mapitio ya mwaka 2016 ya tafiti 13 za mazoezi ya majini yaliona nafuu ndogo ya maumivu kwa muda mfupi. Ndogo kuliko ya nchi kavu kwa namba, ndiyo, lakini kwa anayeshindwa kuanza kokote, mlango ni mlango.

Vizuizi vyake vinakuja kwa jozi. Maji yakipwa, unatembea mbali juu ya mawe na matope, mahali pabaya kwa goti. Yakijaa wakati wa bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yana nguvu ya kukuangusha. Kwa hiyo ratiba yako inafuata mwezi, si kalenda, na ni lazima uende na mtu. Mavazi: dera na buibui vikilowa vinakuwa mzigo na vinanasa miguu, lakini suruali nyepesi na fulana ndefu yenye mikono inatosha, na kina mama wakienda kikundi asubuhi mapema hakuna anayewatazama. Bwawa la hoteli lina sakafu tambarare na ngazi za kushikilia, ila linadai kiingilio kila mara, jambo linalowafaa wachache. Na kwa ndugu wa kanda ya ziwa nina onyo moja: maji ya kina kifupi ya ufukweni mwa Ziwa Victoria yana konokono wanaobeba kichocho. Usitibu goti ukapata ugonjwa wa utumbo na ini. Mwanza, Kisumu au Bukoba, bora baiskeli.

Baiskeli inalikunja na kulinyoosha goti mara nyingi huku tako likibeba uzito. Siri ni urefu wa siti. Pedali ikiwa chini kabisa, goti liwe limekaribia kunyooka, limebakiza mkunjo mdogo. Siti za baiskeli nyingi za mitaani ziko chini mno kwa sababu mwendeshaji anataka miguu iguse ardhi, na hapo goti linakunjwa kupita kiasi kila mzunguko na linauma mbele, chini ya kifuniko cha goti. Gia iwe nyepesi, mzunguko wa haraka kuliko wa kusukuma kwa nguvu. Epuka vilima mwanzoni.

Ya barabarani inahitaji mizani ya mwili, ujasiri wa magari, na kwa akina mama wengi wa makamo inahitaji kuvuka aibu ambayo sina haki ya kuidharau. Nawaambia tu kwamba baiskeli ya kusimama, ile ya ndani isiyokwenda popote, inaondoa matatizo yote matatu. Ni ghali mpya, lakini za mitumba zipo, na familia nzima inaweza kuitumia. Zipo pia pedali ndogo za kuweka chini ukiwa umekaa kwenye kiti. Ni nyepesi mno kujenga nguvu, ila zinafaa kulegeza goti asubuhi.

Nikilinganisha hivi viwili, bahari inashinda kwa mtu mnene mwenye maumivu makali anayeishi pwani na ana wenzake wa kwenda nao. Kwa wengine wote, baiskeli ya ndani ni ya kutegemewa zaidi, kwa sababu haisubiri maji wala mtu.

Kuna pia tai chi, ile miondoko ya polepole ya Kichina. Utafiti wa Boston wa mwaka 2016 wa watu 204 uliiona inalingana na fiziotherapia ya kawaida (tiba ya viungo kwa mazoezi) kwa goti, na hata kupunguza huzuni zaidi. Ukimpata mwalimu, nenda. Huku kwetu wengi hatutampata.

Peke yako, na kikundi, au na mtaalamu

Jumamosi na Jumapili alfajiri barabara za Dar es Salaam zinajaa vikundi vya jogging, wakiimba na kupiga makofi. Furaha ile ni dawa, na kwa aliyeishiwa hamu kwa sababu ya maumivu, kuitwa jina na wenzake saa 12 asubuhi kunaweza kuwa kitu pekee kinachomtoa kitandani. Tatizo ni mwendo. Kikundi kinakwenda kwa kasi ya vijana, mwenye goti anaona haya kubaki nyuma, analazimisha, na kesho yake ndiye anayesema mazoezi yamemuumiza. Ukijiunga, zungumza na kiongozi mapema: "Kaka, mimi ni wa kutembea." Vikundi vingi vina wanaotembea nyuma. Kama hakina, wanne wenye magoti wanatosha kuwa kikundi chao wenyewe.

Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye wa kumwona kama huna uhakika na hali ya goti, kama umeshaanguka, au kama umejaribu ukashindwa. Wapo hospitali za rufaa za mikoa, na kwenye taasisi kubwa kama MOI, ile ya mifupa pale Muhimbili, au hospitali ya KCMC Moshi. Kinachowakatisha watu tamaa ni safari na foleni, na kweli kwenda mara mbili kila wiki kutoka Kibaha au Rombo ni kazi. Ombi langu: usiende kwa ajili ya kufanyiwa, nenda kwa ajili ya kufundishwa. Mara ya kwanza mwambie waziwazi, "Daktari, nauli yangu inaniruhusu kuja mara mbili au tatu tu, nifundishe nitakayofanya nyumbani." Mwombe mwanao akurekodi kwa simu ukiyafanya mbele yake. Mama yangu anafuata video kama hizo mpaka leo, na huisikia sauti ya mtaalamu wake ikimwambia asiingize goti ndani.

Wenye uzito mkubwa wana jambo la ziada. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2005 vilionyesha kwamba kila kilo moja unayopunguza mwilini inaliondolea goti kilo nne kwa kila hatua. Na utafiti wa mwaka 2013 wa watu 454 ulionyesha kwamba waliounganisha mlo na mazoezi walikuwa na maumivu kidogo zaidi baada ya miezi 18 kuliko waliofanya mazoezi peke yake. Mazoezi peke yake hayapunguzi uzito sana. Sahani ya ugali au wali ipungue, mboga na maharage viongezeke, na chai ya sukari nyingi ikae pembeni.

Usianze zoezi lolote, nenda hospitali kwanza, kama goti ni la moto, jekundu na una homa. Kama uliumia ukasikia kitu kikikatika na huwezi kulikanyagia. Kama linajifunga halinyooki. Au kama shavu la mguu mmoja, ile nyama ya nyuma chini ya goti, limevimba na linauma. Mwenye maumivu ya kifua akitembea naye amwone daktari wa moyo kabla.

Swali la mwisho ambalo kila mtu huuliza ni lini ataona mabadiliko. Wiki mbili za mwanzo tarajia maumivu mapya ya misuli ya mapaja. Hayo ni ya kawaida na si ya goti. Kuinuka kwenye kiti kunaanza kuwa rahisi kati ya wiki ya nne na ya nane kwa walio wengi, na maumivu yanafuata nyuma yake. Siku goti likivimba, punguza nusu, nyoosha na kunja taratibu ukiwa umekaa, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15, kisha rudi. Ikifika wiki ya 12 ukiwa umefanya kwa uaminifu na hakuna kilichobadilika, rudi kwa mtaalamu abadilishe zoezi au aongeze mzigo, kwa maana mara nyingi kosa ni kwamba lilibaki jepesi mno. Na ukishapata nafuu usisimame. Nguvu ya paja inaanza kupotea ndani ya wiki chache tu za kukaa, na maumivu yanarudi nayo. Punguza hadi mara mbili kwa wiki kama umechoka, lakini kiti kibaki pale pale ukutani.